Mwalim Alban Feruzi, Aliyelipiga Marufuku Neno "Nzuri"

Bwana Padri, wazee wetu wa Mbweni, walimu na wanafunzi wa skuli ya ufundi, majirani wa dini zote, na wageni wetu waliotoka Jambiani kwa gari la shamba la kwanza asubuhi hii, Tumsifu Yesu Kristo, na assalaam alaykum. Mimi ni Gervasi Feruzi, fundi cherahani wa Vikokotoni, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, wamesema, katika nyumba yetu mimi ndiye niliyejaaliwa mdomo. Kabla ya yote naomba radhi kwa kuwachelewesheni, maana ibada ilikuwa ianze saa nane na imeanza saa nane na nusu, na kosa si la Padri wala la wachimba kaburi, sababu ipo na nitaieleza itakapofika zamu yake, kwa hiyo nawaombeni subira.

Marehemu Alban Feruzi alizaliwa hapa Mbweni tarehe 17 Juni 1926, mtoto wa kwanza wa Mzee Yohana Feruzi, mwashi, na Bi Agnes, wote wawili wametangulia mbele ya haki, na akabatizwa tarehe 4 Julai mwaka huohuo katika kanisa hili tulilomo. Alikuwa mtoto mkimya, akiulizwa jambo hutazama kwanza kisha hujibu, na mara nyingi alipokuwa bado anatazama mimi nilikuwa nimeshajibu kwa niaba yetu sote, ndiyo maana wazee wakamwona yeye mpole na mimi wakaniona kiherehere, na sikuwalaumu.

Alisoma skuli ya misheni mjini kuanzia Januari 1934 hadi Disemba 1941, akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na mwaka 1942 akaingia karakana ya serikali kujifunza kazi ya chuma, ambako kwa miezi saba ya mwanzo hakupewa kazi yoyote isipokuwa kupiga tupa kipande kimoja cha chuma mpaka kikae pembe mraba. Alihitimu ufundi mwaka 1948, akapelekwa chuo cha ufundi Kampala kuanzia Februari 1952 hadi Novemba 1954, na akarudi Unguja na sanduku la vitabu na rula ya kukokotolea hesabu ambayo hakumwazima mtu yeyote mpaka anaingia kaburini, hata mimi, niliyemwomba mara mbili.

Tarehe 28 Mei 1955 alifunga ndoa takatifu na Bi Lusia, binti wa Mzee Mabruki, na Mungu akawajaalia watoto watatu, Monika aliyezaliwa 1956, Dunstani aliyezaliwa 1959, na Paskalia aliyezaliwa 1963, ambao mnawaona hapa mbele wamekaa na mama yao. Suti ya harusi niliishona mimi, ilikuwa suti yangu ya kwanza kabisa, na siku ya kuijaribu nilimuuliza bwana harusi inakaaje, akasema nzuri, nami nikafurahi nikaenda kuwatangazia wenzangu sokoni. Naiweka suti hiyo hapa kwa muda, tutairudia.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 walimu kadhaa waliondoka visiwani, na tarehe 4 Mei mwaka huo kaka yangu aliitwa kutoka karakana akafundishe skuli ya ufundi, naye wakati huo ana umri wa miaka thelathini na saba na hajapata kusimama mbele ya darasa hata siku moja. Alikwenda akiogopa, akarudi akiogopa zaidi, lakini ilipofika Januari 1966 alikuwa amekabidhiwa darasa la mwaka wa mwisho wa uhandisi, vijana kumi na wawili, na kazi yake ikawa ni kuwatayarisha kwa utafiti na kwa kubuni vyombo vipya, yaani kijana akimaliza skuli aweze kutazama kazi ya watu, aone inapowaumiza, na atengeneze kitu cha kuwapunguzia. Kwa maneno hayo ni kazi nyepesi, na kwa miaka miwili hata yeye aliiona nyepesi.

Sasa ndugu zangu nafika mwaka 1968, na Bi Lusia ameniruhusu kuusema kama ulivyokuwa. Mwaka huo darasa lake lilitengeneza mashine ya kuchambua makumbi ya nazi, yenye magurudumu mawili ya meno na mkono wa kuzungushia, iliyounganishwa kwa vyuma vya baiskeli na vipande vya gari bovu, nzito kiasi cha kubebwa na wanaume wanne, na iliweza kulipasua kumbi kavu mnamo muda wa kuhesabu kumi. Wanawake wa Jambiani, kama mnavyojua, huyafukia makumbi pwani maji yanapokupwa, kila mmoja na shimo lake alilorithi kwa mama yake, wakayaacha miezi minane au zaidi, kisha wakayafukua na kuyapiga kwa rungu juu ya jiwe mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba, na vijana wakaona hapa pana miezi minane ya kuokolewa. Mmoja wa vijana hao, Makungu Shaame, alikuwa mzaliwa wa Jambiani, na mama yake, Bi Kidawa, ndiye aliyekubali mashine ikae uani kwake.

Tarehe 20 Julai 1968 waliipeleka, wakapokewa kwa wali na samaki, wakaizungusha mbele ya watu, na kaka yangu akawauliza akina mama mashine ikoje, nao wakajibu kwa kauli moja kwamba ni nzuri, nzuri sana, Mungu awabariki. Mwezi wa Septemba aliandika ripoti kwamba kazi imefaulu na akina mama wameipokea, ripoti ikapelekwa kwa wakubwa wa idara, wakubwa wakapendezwa, ikaamuliwa kwamba mashine itawekwa katika maonyesho ya Januari 1969, na kwa ripoti hiyo vijana kumi na wawili watapewa vyeti vyao.

Tarehe 23 Novemba alikwenda Jambiani peke yake, bila taarifa, kwa nia ya kupima tu ukubwa wa mashine ili atengenezewe meza ya kuiwekea kwenye maonyesho, akamkuta Bi Kidawa amekaa chini, rungu mkononi, anapiga makumbi juu ya jiwe kama alivyopiga mama yake na bibi yake. Mashine ilikuwa pembeni imefunikwa kanga mpya ambayo haijawahi kuvaliwa, yenyewe imepakwa mafuta ya nazi isipate kutu, pamefagiliwa pande zote, na katikati ya meno yake hapakuwa na uzi hata mmoja wa usumba. Aliuliza kama imeharibika, akaambiwa la, iko salama, akauliza kama haikutumika hata siku moja, na Bi Kidawa, ambaye yuko nasi hapa na amenipa ruhusa niyaseme maneno yake, akamjibu, "Mwalim, tungekwambiaje, nawe umekuja na wanao na jasho lenu, mgeni haambiwi zawadi yake haifai."

Siku ile ndipo alipoelezwa ambayo angeelezwa tangu mwanzo lau angejua kuuliza, kwamba usumba wa kumbi kavu hutoka mfupi na mgumu, haukubali kusokotwa, na kwamba lile shimo la pwani ndilo kabati la mwanamke, hufukua anapokuwa na harusi au msiba, hakuna mume wala mkwe anayejua mna nini ndani, na yule anayemletea mashine ya kuyamaliza makumbi yote siku moja uani mwa jirani anamvunjia kabati lake. Alipomuuliza Makungu kwa nini alinyamaza naye ni mtoto wa pale, kijana alilia, akasema, "Mwalim, hukuniuliza kama yafaa, umeniuliza kama imekwisha." Na mimi hapa naomba tusiwacheke, maana ni nani kati yetu wa kisiwa hiki aliyewahi kula kwa jirani mchuzi usio chumvi akasema hauna chumvi.

Jioni ile alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akanisimulia, na nataka mjue ushauri niliompa kwa sababu nimeubeba miaka mitatu na zaidi na leo nautua. Nilimwambia afunike kombe mwanaharamu apite, mashine iende maonyesho, vijana wapate vyeti, wakubwa wafurahi, na akina mama wa Jambiani warudishiwe kanga yao, nani atajua. Akanijibu kwa upole kwamba kombe lilishafunikwa, tena kwa kanga mpya, na hilo ndilo balaa lenyewe. Kisha akaniambia kwamba ile suti ya harusi niliyomshonea mwaka 1955 ilimbana makwapa, hakuweza kuinua mkono wa kulia siku nzima, alimvisha Bi Lusia pete kwa kujikunja kama mzee, na aliniambia nzuri kwa sababu mimi ni mdogo wake na alinipenda. Miaka kumi na mitatu, ndugu zangu. Niliudhika siku mbili, siku ya tatu nikamwambia ailete, nikamwachia makwapa, na katika kuyaachia nikaona kosa ambalo nilikuwa nikilirudia katika makoti ya watu miaka yote ile, na wao pia walikuwa wakiniambia nzuri, wakenda zao, wasirudi.

Aliwakusanya vijana wake kumi na wawili, akawaambia anataka kuifuta ripoti, akawaambia pia kwamba akiifuta huenda vyeti vikazuiwa, wala yeye hana la kuwaahidi. Wengi waliridhika, shingo upande, lakini mmoja aliyekuwa hodari kuliko wote, Mkadam Duni, hakuridhika kabisa, maana baba yake alikuwa amefariki, mama yake alikuwa akisubiri cheti kile kama mvua, na kazi ilikuwa imeshatengwa kwa ajili yake. Mkadam alimwambia mwalimu wake mbele ya wenzake kwamba anatafuta utakatifu kwa jasho la watoto wa watu, akatoka, na kaka yangu alimwacha aende, kwa sababu alimwona ana haki ya kusema. Tarehe 9 Disemba 1968 alipeleka barua ya kurasa mbili kufuta ripoti yake, nakala ninayo nyumbani, haina hata neno moja la kumlaumu mtu mwingine.

Vyeti vilizuiwa, vijana wakaamriwa warudie mwaka, na yeye akaondolewa darasani Februari 1969 akawekwa kuwa mtunza ghala la zana, akigawa nyundo asubuhi na kuzihesabu jioni. Mwaka ule ulikuwa mzito nyumbani kwake, Bi Lusia alipika maandazi ya kuuza, na kuna watu waliokuwa wakimwita kwa dhihaka Mwalim Makumbi, baadhi yao nawaona wamo humu kanisani, karibuni sana. Lakini mkuu wa skuli, kwa wema wake, alimruhusu akae na vijana wale alasiri baada ya kufunga ghala, na ndipo alipoanza kufundisha upya, safari hii akianzia kwenye kosa lake mwenyewe, na ninayoyasema sasa ndiyo yaliyomfanya awe mwalimu mnayemjua.

Kwanza aliwapeleka Jambiani wiki nzima bila penseli, bila rula, akawakataza kutoa wazo lolote, kazi yao ikawa ni kuingia matopeni na akina mama, kufukua, kubeba na kupiga mpaka viganja vichubuke, na wiki hiyo ikaitwa wiki ya mikono, na mpaka leo hakuna mwanafunzi aliyeikwepa, ingawa wapo waliougua ghafla asubuhi ya safari. Pili aliwapa madaftari, ukurasa wa kushoto waandike waliyoyaona, wa kulia waliyoyadhani, na aliyechanganya alirudishiwa aanze tena, akisema kwamba ripoti yake yeye ya mwaka 1968 yote ilikuwa ya kulia. Tatu alilipiga marufuku lile swali la kuuliza ni nzuri, mwanafunzi aliyemuuliza mtu kama kitu ni kizuri alikatwa alama kumi, badala yake chombo kiachwe kwa mwenye kazi, mtu aondoke, arudi baada ya miezi mitatu bila taarifa, atazame mpini, kama mpini umekuwa mweusi kwa jasho basi kinatumika, na kama unang'aa, abebe chombo chake arudi nacho nyumbani bila kununa.

Katika wiki ile ya mikono Makungu aliandika ukurasa wa kushoto jambo ambalo amelitazama tangu utotoni asilione, kwamba macho ya mama yake ni mekundu, na ya mama zake wadogo, na ya wanawake wote wa pwani, kwa sababu makumbi yanayofukuliwa hubebwa kichwani katika pakacha, na yale maji meusi ya chumvi huwachuruzikia usoni njia nzima mpaka juu. Hapo hapakuhitajika magurudumu wala meno. Walitengeneza sinia la mbao nyepesi lililotandikwa bati la debe, limeinuka mbele na limelala nyuma, lenye mdomo mdogo wa kutolea maji kisogoni, na kwa chini limechongwa likae juu ya kata, ile nguo ya kuviringa ya kubebea mzigo kichwani, na wakubwa walipoliona walicheka, wakauliza kama mwaka mzima wa uhandisi umezaa sinia, na kaka yangu akawajibu kwamba hajui bado umezaa nini, wasubiri miezi mitatu.

Walipeleka masinia sita tarehe 4 Oktoba 1969, hawakuuliza chochote, wakaondoka, na tarehe 10 Januari 1970 alirudi bila taarifa, mara hii nami nikamfuata kwa sababu nilimwonea huruma na nilitaka awe na mtu wa kurudi naye kama mambo yameharibika. Hatujafika hata uani, Bi Kidawa alitoka mbio akiwa ameloa, hakutukaribisha kwanza, akasema, "Mwalim, afadhali umekuja, hili sinia lenu zito, na huu mdomo wake wanitia maji mgongoni, nguo yangu ya kazi yote ishaoza, lifanyieni maarifa." Nikamtazama kaka yangu nikidhani ameumia, nikamwona amekaa chini mchangani, anacheka huku machozi yanamtoka, na mama wa watu amesimama hajui amemkosea nini. Aliniambia njiani kwamba siku ile ndiyo aliyopokewa Jambiani, kwa sababu mtu halalamikii kitu cha mgeni, hulalamikia kilicho chake. Sijapata kumwona ana furaha kama ile, hata siku ya harusi, ingawa ya harusi sababu tumeshaijua.

Sinia lilipunguzwa uzito, mdomo ukarefushwa na kugeuzwa upande, na baada ya hapo maombi yakatoka vijiji vya jirani bila mtu kutangaza. Vijana walipewa vyeti vyao Machi 1970, kumi na mmoja walikuja kuvipokea, cha Mkadam kikapelekwa kwao kwa mkono wa mwenzake, kwa kuwa alikuwa bado hasemi na mwalimu wake, na kaka yangu akarudishwa darasani tarehe 6 Aprili. Tangu hapo amewatayarisha wanafunzi wa miaka miwili mingine, wamekwenda Kidichi kwenye karafuu, ambako vyombo viwili vilirudishwa na kimoja kikabaki, wamekwenda kwa wachomaji chokaa, wamekwenda hata jikoni hospitalini, na kila darasa lilipoanza alilionyesha kwanza ile mashine ya makumbi, ambayo aliomba arudishiwe, akaiweka mlangoni mwa karakana, na kanga yake juu.

Maradhi yalimwanza Oktoba 1971 kwa kuvimba miguu, ikagundulika kuwa ni figo, akalazwa mara ya kwanza tarehe 3 Juni mwaka huu, akapata nafuu, akarudi nyumbani, akafundisha wiki mbili akiwa amekaa, na akalazwa tena tarehe 29 Julai. Hospitalini aliomba daftari, akaligawa kushoto na kulia kama alivyowafundisha, akawa anawapa madaktari kila asubuhi, na daktari mmoja mgeni aliniambia kwamba hajapata mgonjwa anayemrahisishia kazi kiasi kile. Ukurasa wa mwisho ni wa tarehe 7 Agosti, kushoto ameandika, "Miguu imevimba hadi magotini. Lusia amelala kitini," na kulia ameandika, "Nadhani amechoka kuliko mimi." Alifariki jana, Jumatano, tarehe 9 Agosti 1972, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka arubaini na sita. Tumemvisha ile suti ya harusi, na makwapa hayambani.

Sasa niwaelezeni ile nusu saa. Jana asubuhi, kabla hata hatujazungumza habari ya sanduku, alifika nyumbani Mkadam Duni, ambaye hajakanyaga kizingiti kile tangu mwaka 1968, akiwa na mbao za mfenesi begani, akasema kwamba sanduku la mwalimu atalitengeneza yeye, na kama kuna aliyekwisha kupewa kazi hiyo basi amwombe radhi. Bi Lusia akamwonyesha mahali pa kufanyia kazi, na Makungu akamshikia mbao, wakafanya mchana kutwa. Leo saa saba na nusu lilikuwa tayari, limepigwa msasa, lina vishikio sita vya mti, watu wakapita wakitazama, kila anayepita akamwambia Mkadam, nzuri, kazi nzuri, Mungu akubariki, naye akaitikia kwa kichwa, hana furaha, na mimi nikamwona.

Ndipo akapita Bi Kidawa, amebeba kamba za usumba alizosokota yeye na wenzake kwa ajili ya kumteremshia mwalimu kaburini, akainama, akashika kishikio kimoja, akakivuta, akashika cha pili, kisha akasema, "Mwanangu, hivi vishikio umeviweka juu mno, mtu akiinama navyo mkono utamteleza, vishushe." Msibani, mbele ya watu, dakika chache kabla ya kwenda kanisani, na mwenye kuambiwa ni kijana ambaye tangu jana hajala. Tulikuwa tunangoja kuona atajibu nini. Mkadam alimtazama, akasema, "Naam, mama," akapiga magoti, akachukua patasi, akaving'oa vyote sita, akavishusha kimoja kimoja, na alipokuwa akipigilia cha mwisho ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto wa marehemu, na Bi Lusia akaenda akakaa naye chini mpaka alipomaliza. Hiyo ndiyo nusu saa tuliyowachelewesheni, na familia inaomba radhi kwa hiyo, lakini haijutii.

Yamebaki ya shukrani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, wa kwetu na wageni, waliomhudumia kaka yetu usiku na mchana na kulisoma daftari lake, tunawashukuru majirani wa Mbweni waliopika na kutandika majamvi tangu jana, Wakristo na Waislamu, bila kuulizana, tunamshukuru mkuu wa skuli, walimu wenzake na wanafunzi wake wa madarasa yote, tunamshukuru Padri kwa uvumilivu wake, na tunawashukuru akina mama wa Jambiani kwa kamba, na kwa kumfundisha mwalimu. Mkadam, nawe tunakushukuru, na kaka yangu aliniachia neno lako, nililiweka la mwisho makusudi, alisema siku ukija nikwambie kwamba ulikuwa na haki ya kusema, na kwamba kati ya wote kumi na wawili wewe ndiye uliyemwambia usoni linalokubana.

Kaka yangu, umekwenda ukiwa umevaa suti inayokukaa, ndani ya sanduku linaloshikika, na hatutakuuliza kama ni nzuri. Pumzika kwa amani, Mwalim, na huko uliko kama kuna kisichokaa sawa, usituonee haya, sema.